Usishike Jicho

Mbegu alizileta Shekulwa ndani ya kiberiti,
bapa, za kahawia, kila moja na shungi la sufi.
"Zifungie," akasema, "zitakutoroka."
Nikazifukia ukutani, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kando ya bomba, pale maji ya vyombo hutuama.

Mwaka wa kwanza, majani tu.
Mama Mwanaidi wa chumba cha mbele akapita, akarudi:
"Mwenzetu, unamwagilia gugu?"
Mwaka wa pili gugu likamjibu lenyewe:
vishada vyekundu, katikati njano,
rangi ya achari inayoanza kukolea chupani.

Nilichuma kimoja. Shina likatoa maziwa
mazito, kama ya mzazi wa siku ya tatu.
Nikasahau, nikajifuta jasho.
Usiku ule jicho liliwaka hadi adhana ya alfajiri,
uso ndani ya karai, nafumba, nafumbua,
namlaani Shekulwa na kiberiti chake.

Asubuhi nikashika panga, nikalikata hadi chini.
Kiangazi kikapageuza vumbi,
kuku wakapafanya kitanda.
Yamekwisha, nikasema.
Masika ilipopiga, palepale,
vidole vinne vya kijani.
Halikuninunia.

Ndipo viwavi walipokuja, milia nyeusi, milia ya njano,
jezi za timu ambayo haijasajiliwa,
wakala majani, wakala na maua,
wakabakisha vijiti.
Dawa nilikwisha nunua. Kopo nimelishika mkononi,
nikamwona mmoja amejining'iniza chini ya dirisha,
si kiwavi tena: kifuko kibichi
chenye vitone vya dhahabu.
Nikaona haya, kama mtu aliyeingia
chumba cha uzazi bila hodi.

Tumehamia Pongwe sasa. Mzizi nilipouchimba
ulikatika mkononi;
nusu nikaja nayo kwenye kopo la rangi. Ikaoza.

Jana kanipigia mpangaji mpya:
"Mama, hapa bombani kumechipua kitu,
kina vidudu vya milia. Ning'oe?"
Nikanyamaza. Nyuma ya sauti yake
nayasikia maji yaleyale yakijaza ndoo.

"Hesabu siku kumi na tano," nikamwambia,
"halafu unipigie.
Na kama umeshakigusa,
usishike jicho."