Lita Nyuma ya Kiti

Kutoka Gan Gan hadi hapa Telsen umekula karibu lita nzima,
mimi nimekula nusu mkate.
Nani kati yetu mlafi, tusitajane.

Kilomita laki saba na arobaini ziko kwenye saa yako,
na saa yenyewe ilisimama miezi minane
mwaka ule baba alipogoma kununua waya wake.
Kwa hiyo umri wako, kama wa shangazi Herminia,
tunakisia kwa makunyanzi.

Julai. Kipimajoto mlangoni kwa Evaristo Roberts
kinasoma kumi na nne chini ya sifuri.
Marobota ishirini ya sufu yamo mgongoni mwako
na mnunuzi wa Trelew anafunga daftari saa kumi.

Evaristo anapanga madebe matatu juu ya kaunta
kama mshenga anayepanga wachumba.
Tano-thelathini, nyepesi, mtoto wa mjini.
Kumi na tano-arobaini.
Ishirini-hamsini, nzito, "ukimimina hii leo,
Delfina, moshi utausahau."

Nilimwamini mwaka juzi.
Kweli, Januari ile nzito ilikutuliza,
ulipanda mlima bila kuburura utepe wa buluu nyuma yetu,
kondoo wakadhani tumeokoka.
Ikaja Juni. Alfajiri oili ikawa ugali uliolala sufuriani.
Nikazungusha ufunguo, ukaguna
kama mtu aliyeamshwa kwa teke,
na kabla taa nyekundu haijazimika
nilihesabu sekunde sita
chuma kikisaga chuma
kikavu.
Sita, kila asubuhi, majira yote ya baridi.
Piga hesabu mwenyewe.

Nyepesi nayo huwahi kuamka, hufika kila pembe,
kisha hupenya kwenye ringi zilizolegea
kama wanafunzi wanaojua uzio umetoboka wapi.
Unaipuliza angani,
na pesa yangu inaelea juu ya changarawe
kwenda baharini bila mimi.

Kaka yangu Anselmo anasema fungua injini,
badilisha ringi, badilisha sili za valvu, yaishe.
Anselmo anafanya kazi benki.
Fundi Nahuelpán alinitajia bei
huku akitazama viatu vyake.
Nikamshukuru, nikamwachia biskuti.

"Basi tia na hii dawa," Evaristo ananyanyua kichupa,
"inaziba, inalainisha, inarudisha ujana."
Namtazama upara, niliomkuta nao nikiwa darasa la pili.
Anakirudisha kichupa kwenye rafu.

Nachukua ya katikati,
ile iliyoandikwa ubavuni ni ya injini zilizotembea sana,
debe moja, na lita nne za kuweka nyuma ya kiti.
Haitakuponya. Itateremka alfajiri,
na mchana haitatoroka yote.
Lita moja kwa kilomita mia tano, mia sita ukiwa mtupu:
njaa ninayoijua naweza kuinunulia chakula.

Moshi siuogopi.
Naogopa siku nitakayochomoa kijiti
nikute oili imepanda na mimi sijamimina kitu,
rangi yake chai ya maziwa,
maji yameingia yasikotakiwa.
Siku hiyo ndiyo nitampigia Anselmo.

Kwenye daftari la baba, ukurasa wa kwanza:
*Agosti, km 61,000. Hali kitu.*
Mwandiko umesimama wima, kalamu imekandamizwa.
Kurasa za mwisho ni zangu, penseli, herufi zimelala,
tarehe, lita, tarehe, lita,
mahali pengine doa tu la kidole
kwa kuwa upepo ulikuwa mkali.

Nafungua boneti. Nafuta kijiti kwa mkono wa sweta,
nakitumbukiza, nakichomoa tena.
Chini kidogo ya alama.
Namimina, na Evaristo ameshika faneli
kwa mikono miwili, hasemi kitu,
anatazama uzi wa asali ukiingia gizani.

Saa tano na robo.
Haya, kohoa.