Koki ya Petroli

Tuliitoa stoo Jumatatu ya Pasaka,
mimi na Ndahani, na kuku watatu wasiotaka kuhama.
Honda ya mwaka sabini na nne, ya mnada wa serikali,
tairi zimekaa chini kama chapati za jana,
na ndani ya egzosi nyigu wamejenga
nyumba ya udongo yenye vyumba sita.
Kisokwe nzima inajua ilikufa magneto.
Baba alisema hivyo, na baba alikuwa bwana mifugo,
mtu wa kuaminika juu ya vilivyokufa.

Ndahani ni fundi wa bodaboda. Amezoea pikipiki
ambazo spea zake huuzwa duka moja na sukari.
Akaizunguka hii mara mbili, mikono nyuma,
kama mtu aliyetumwa kukadiria mahari.
"Dada Nyemo, hii tuipeleke chuma chakavu."
Nikamwambia shika spana.

Plagi ilitoka kwa mafuta ya taa na matusi.
Pointi nilizisugua kwa tupa ya kucha.
Gasketi niliikata kwa mkasi wa cherehani
kutoka boksi la majani ya chai.
Silinda tuliijaza oili, ikalala siku nne,
mpaka pistoni ikakubali kusogea,
kwanza unene wa ukucha, halafu kidole,
halafu ikashuka yote, kwa pumzi ndefu,
kama mtu aliyetua debe la maji.

Tangi lilikuwa na kutu ya kukoroga.
Binamu yangu wa Hombolo akaleta mvinyo uliochacha,
lita kumi, wa zabibu zilizokosa mnunuzi.
Tukaumimina. Wiki nzima ua wetu
ukanuka harusi iliyovunjika.

Nilipoumwaga ulitoka mweusi,
na kwenye chujio, pamoja na magamba ya kutu,
shanga.
Buluu, nyeupe, tena buluu. Nikahesabu thelathini na moja.
Ya thelathini na mbili ilikuwa kwenye koki,
imekaa tunduni kama iliyopimwa.

Mama alikuwa barazani akipepeta uwele.
Nikamfungulia kiganja.
Hakuacha kupepeta.
"Za bibi yako hizo." Makapi yakaruka.
Halafu, ungo wa tatu au wa nne:
"Kule Chipogolo ng'ombe hawakuwa wagonjwa kiasi hicho."

Usiku ule niliwaza koki.
Baba, aliyepasua tumbo la ng'ombe kwa mwanga wa chemli,
akatoa mfuko wa plastiki, akashona, na ng'ombe akala asubuhi.
Koki ya petroli ina skrubu mbili.
Miaka ishirini na sita alipita mbele ya stoo ile
akienda kazini kwa baiskeli,
na kila jioni alirudi.
Sasa yuko makaburini, siwezi kumuuliza
aliamini kweli ni magneto,
na mama sitaki kumuuliza.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya na goti langu.
Ndahani akaziba kabureta kwa kiganja.
Ya kumi na nne ikapiga chafya,
ikatema vumbi la nyigu juu ya nguo zilizoanikwa.
Ikashika. Ikazima. Ikashika,
kwa sauti nzito ya kifuani ambayo bodaboda hazina,
na moshi wa buluu ukaingia jikoni bila kubisha hodi.
Mbuzi wa jirani walikwenda walikokwenda.

Mama akatoka na nusu debe la uwele,
kanga ameshaifunga.
"Mashine ya kusaga inafungwa saa kumi."

Kiti cha nyuma kilikuwa cha sanduku la chanjo.
Siku zote zile hakuwahi kukikalia.
Alikaa upande, miguu pamoja,
debe mapajani, mkono mmoja kiunoni mwangu.
"Taratibu," akasema,
na klachi nilikuwa sijaiachia bado.

Kwenye njia panda ya Chipogolo
injini ikakohoa, ikataka kusita.
Mama akainama, akaipiga kofi ubavuni,
moja tu, kama anavyompiga punda.
Tukaendelea.