Jicho la Dema

Msuka, saa nne asubuhi, umeme umekatika
na betri ya kompyuta yangu imebakisha robo.
Shaame kakaa uani, miguu kainyoosha,
dema jipya baina ya magoti kama mtoto anayenyolewa,
chane za mwanzi zinamlia mkononi.
Aliacha skuli kidato cha pili.
Mimi nimesoma mpaka macho yakaomba miwani,
na hii wiki ya sita nimekwama
kwenye mchoro ambao mdogo wangu anaufuma bila kuutazama.

Uchane kwenda, uchane kurudi, uchane wa kiupande;
pembetatu, pembetatu, na katikati jicho la pembe sita.
Wajapani wameliita jicho la kikapu.
Wanafizikia wakalidandia jina hilohilo
kwa jiwe fulani la kijani, ambamo atomu za shaba
zimejipanga hivihivi,
kila moja na kisumaku chake, spini yake,
isiyotaka ila jambo moja: kumpa mgongo jirani.

"Wawili wanaweza," nikamwambia. "Mmoja juu, mmoja chini.
Sasa yupo wa tatu."
Shaame akauma ncha ya uchane, akaitema.
"Wa tatu hana pa kuelekea.
Kama mimi siku ile, baina yako na mama."

Ndiyo. Na jiwe zima limejaa watatu watatu hao.
Lipoze, lipoze tena,
mpaka baridi ambayo barafu ya Mkoani mbele yake ni uji wa moto,
na bado spini hazigandi.
Hazikubali safu. Hushikana mbili mbili, huachiana, hushika nyengine,
na mishiko yote hiyo ipo kwa pamoja, wakati mmoja.
Kimiminika ndani ya jiwe.
Usiniulize linavuja wapi.

"Unakiandikaje kitu kama hicho?"
Sikiandiki chote. Spini mia tu,
na mchanga wa Vumawimbi hautoshi kuzihesabia hali zake.
Nafuma. Kila spini naipa tensa, kijisanduku cha namba
chenye mikono mitano:
mmoja wake mwenyewe, minne ya kushikia majirani.
Unene wa mkono ndio kiasi cha siri unachobeba.
Ukiwa mwembamba, habari zinamwagika;
ukiwa mnene, kompyuta inahema, inakufa.
Nimefika unene wa kumi na mbili.
Jibu linayumba.

Akacheka. Akaburuta dema bovu la mwaka jana,
akalipitisha msumeno bila taarifa,
nusu akanirushia.
"Haya. Nusu hizi zilijuana kiasi gani?
Hesabu zilizokatwa."
Nikahesabu ukingoni, si tumboni:
tumbo liwe kubwa litakavyo,
kujuana kumekaa kwenye kidonda.
Hamsini na nane. Hilo nilifundishwa,
lina uthibitisho wa kurasa arubaini.

"Lakini uchane wa mwisho usiuhesabu."
"Kwa nini?"
"Dema langu mimi, kila uchane nauzungusha ukutane na mkia wake.
Ukitoka kwako kuja kwangu, utarejea kwako.
Basi lazima ziwe shufwa.
Nifiche mmoja: hizo nyengine zitanambia kama upo au haupo.
Wa mwisho hauna hiari."

Nilikuwa nalijua na hili,
kama alama ya kutoa mwishoni mwa mlinganyo,
kitu kidogo kisichokua hata ukingo ukikua.
Sikuwahi kulishika, likanichoma kidole.

Umeme ukarudi adhuhuri.
Nikaandika upya: kila tensa, mikononi mwake, ipitishe shufwa tu.
Sasa niko unene wa kumi na sita.
Jibu limetulia, au limechoka,
sijui bado.

Lile dema bovu, anasema, lilikuwa linatengenezeka.
Anadai elfu kumi na tano.
Nimempa kumi.