Kulabu ya Kumi na Nne

Niliwagawia kamera za bei rahisi,
picha ishirini na saba kila moja,
nikawaambia: nionyesheni shule yenu. Basi.
Mkuu wa shule, Doña Edelmira, akaniuliza mlangoni
kama watapiga maabara mpya.
Sikumjibu. Upepo wa Punta Arenas
uliyanyakua maneno kabla hayajatoka.

Wiki mbili baadaye nikazitandaza mezani.
Custodio kapiga hita, na soksi zake juu ya hita,
na mvuke wa soksi: picha tisa za mvuke.
Mwingine dari tu. Mwingine visigino vya mwalimu wa hesabu
vikija, vikipita, vikisimama nyuma yake.
Maabara haikuonekana popote.

Ya Ailín Barría ilikuwa ukuta wa makoti,
yamebanana kama kondoo zizini,
na katikati pengo. Namba kumi na nne.
Mimi, msomi, nilikwisha kuandika pembeni kwa penseli:
upweke; kutojiona mmoja wa kundi.
Hata mwandiko wangu niliupenda.

"Hii yako mbona tupu?"
"Si tupu. Koti limekwenda kazini."

Akaeleza huku akivuta mkono wa sweta:
koti ni moja, wao wawili.
Saa sita kaka yake Leandro huja kwenye uzio,
naye hulipenyeza kati ya vyuma, mkono mmoja kwanza,
kisha mwili wake mzito,
likaenda kiwandani kukata samaki hadi usiku.
"Asubuhi linanuka. Watu husogea."
Akacheka. "Napata nafasi ya kukaa."

Nikafuta penseli. Karatasi ikabaki na kovu.

Kisha nikakumbuka bahasha ya picha zilizoharibika,
nikachokoa yake, ile ya mwisho:
ukungu mtupu, na mstari mweusi
umeukata katikati.
"Ah, hiyo! Ni kamba ya barabarani,
ile wanayofunga upepo ukizidi, watu washike.
Nilikuwa naenda nyumbani.
Nilipiga kwa mkono mmoja."

"Saa ngapi?"
Akatazama dirisha.
"Kabla baridi haijawa baridi."

Daftari la mahudhurio nililiona ofisini.
Barría, A.: mtoro, alasiri.
Mtoro, alasiri.
Mtoro.
Wino mwekundu, herufi zimelala vizuri,
mwandiko mzuri, kama wangu.