Mlango Uko Upande wa Pili

Kiwanja ni changu. Hati ninayo, imekunjwa mara nne
ndani ya kopo la siagi.
Matofali nimeyanunua kwa nyanya,
fungu kwa tofali, tofali kwa fungu,
katika soko la Mbale, miaka ishirini na sita.
Lakini msingi ulipochimbwa tu
nyumba ikawa ya kila mpita njia.

"Mlango utazame barabara," akasema shemeji yangu Gidudu,
hata pikipiki hajaizima.
"Mjane akiipa njia kisogo, watu watauliza anaficha nini."
Mama Nandudu wa kanisani akaleta malewa na shauri:
wageni wa heri huingilia mbele.
Jirani yangu Wamimbi, anayekopa hata chumvi,
akanipigia hesabu ya duka: dirisha hapa, kaunta pale,
soda, sabuni, vocha.
Binti yangu akapiga simu kutoka Kampala,
akataka vigae vinavyong'aa na geti jeusi.
Na mzee mmoja nisiyemjua, akipita na mbuzi wake,
akasimama, akauliza kwa upole:
"Na jeneza lako, mama, litatokea wapi?"

Nikawapa wote chai. Nikawaambia nimesikia.
Kusikia si kutii; hilo nililijua tangu sokoni,
ambako mtu hukuambia nyanya zako zimeoza
huku amezikumbatia kwa mikono miwili.

Usiku nikasema moyoni: kwa kuwa wote wanataka barabara,
basi mlango utatazama mlima. Wakome!
Nikacheka peke yangu, nikalala.
Alfajiri kicheko kile kikanishtua:
kilikuwa cha baba.
Baba, aliyekataa kahawa kijiji kizima kilipopanda kahawa,
na walipoing'oa, akapanda.
Alikufa akiamini kwamba aliishi huru,
kumbe aliwafuata watu kama kivuli,
ila kinyumenyume.

Nikamwambia fundi apumzike siku tatu.
"Siku tatu za mlango?" akauliza Wepukhulu.
"Za mlango."

Kila jioni nikakaa juu ya rundo la matofali,
sina kazi ila kugeuza shingo.
Huku barabara: vumbi, boda, watoto wa shule,
habari njema na mbaya zikija kwa mwendo uleule.
Siichukii. Imenilisha.
Kule Wanale: jabali limesimama kama mtu asiye na miadi,
na mvua ikikatika, nyuzi nyeupe za maji
zinaning'inia kifuani pake.
Siku ya tatu ndipo nilipojua
kwa nini shingo inaniuma upande mmoja.
Miaka yote ile kibandani nilielekea wateja,
na mlima ulikuwa mgongoni.
Kwamba mvua inashuka Wanale,
niliisoma nyusoni mwao.

Basi. Sababu ndiyo hiyo, ni yangu, ndogo kama kisoda.
Haiwezi kumshinda mtu kwa hoja.
Na jeneza? Litazunguka nyumba.
Wachukuzi hawatakosekana.

Wepukhulu akakuna kidevu:
"Mvua hutoka hukohuko, mama. Itakufuata mpaka kitandani."
Hapo nikanyamaza, maana fundi alisema kweli,
na kweli haipungui uzito
kwa kutoka kinywani mwa mwingine.
Tukainua kizingiti kwa matofali mawili,
tukarefusha paa, likachomoza kama ukingo wa kofia.

Jumapili Gidudu akaja. Nilimsikia akizunguka,
akigonga ukuta kwa funguo, akiita jina langu,
akiyalaumu majani yaliyomlowesha suruali,
mpaka akatokea upande wa pili.
Mlima ulikuwa ndio kwanza umetoka kuoga.
Alisimama muda wa kuchemsha yai.
Kisha akasema, "Kizingiti chako kiko juu mno."
"Kiko juu," nikamjibu. "Inua mguu."