Tangazo la Daktari wa Mato

Nilijua mato yananihama
siku uzi ulipopita kando ya tundu la sindano
mara saba, na mara ya nane nikajidunga.
Kofia ya Bwana Famau ikapata doa
mahali pa ua jeupe.

Nikasikia, sijui kwa nani,
maana Mkomani kuta zimekaribiana na maneno hayahitaji miguu,
kwamba daktari wa mato anakuja Lamu.
Lini? Hapo habari ilikatika
kama uzi wangu.

Bi Zuwena, jirani, alisema Jumanne.
Aliapa. Kaambiwa na wifi yake wa Faza,
na watu wa Faza, alisema, hawasemi uongo
ila kwenye bei ya samaki.

Dukani kwa Mselem, Alhamisi.
Mselem hupima habari kama apimavyo sukari,
kidole kikiegemea mizani.
“Nunua sabuni, Mwanapwani, nikupe na saa.”
Nilinunua. Saa hakuwa nayo.

Mjukuu wangu Tima akafungua simu.
Kundi la ukoo lina watu mia na kumi,
na humo sauti ya mtu asiyejitaja
ikisema daktari keshakuja, keshaondoka,
na dawa yake inapofusha, watumie wenzako kumi.
Tima akaniuliza: “Niitume?”
Nikamwambia, mgonga hodi asiyetaja jina
usiku humfungulii.
Mchana wamfungulia kwa nini?

Tukashuka hospitali, mkono wangu begani mwake.
Mlangoni karatasi.
Nilicheka hata watu wakageuka:
tangazo la kuwaita wasioona
limeandikwa kwa sisimizi!
Tima akasogeza uso, akasoma, “Wananchi wote mnaarifiwa…”
kisha akanyamaza. Mvua ya juzi ilitangulia kulisoma
ikairamba tarehe.

Nesi, kijana wa bara, mwenye adabu zake,
alisema, “Ngoja nikuulizie, mama,”
akaingia ndani na hiyo ngoja yake.

Tulirudi kwa njia ya nyuma, ile nyembamba
ambayo punda wawili hawapishani bila mmoja kutukanwa.
“Simile! Simile!”
Lali hamali, sanduku begani,
Lali ambaye hukimbia hata akibeba saruji,
anatembea kama bwana harusi.
“Kulikoni, Lali?”
“Vioo, mama. Nikivunja kimoja nalipa mwaka.
Ni vya daktari wa mato. Mwenyewe yuaja kesho kwa ndege,
nimeambiwa nikamngoje Manda na boti.”

Hakusoma popote. Hakutumiwa.
Bega lake liliuliza limebeba nini,
likajibiwa.

Alasiri baraza langu lilijaa.
Sikualika mtu; Tima alimwambia mmoja tu.
Nikawapa nilichokuwa nacho, na mahali nilipokitoa:
nimeambiwa na Lali, Lali kaambiwa na mwenye sanduku.
Kesho, Jumatano.
Bei? Sijui.
Mtoto wa jicho anamtoa? Sijui.
Wazee kwanza au watoto? Sijui.
Niliona wengine wanachoka na sijui zangu,
wakaaga mmoja mmoja,
wakaenda kwa Mselem, anayejua yote.

Kesho yake foleni ilipinda hadi ukutani kwa jirani.
Bi Zuwena alikuwa mbele yangu, na maelezo yake:
Jumanne aliyoisema ni Jumanne ya kuondoka nyumbani.
Mselem naye alikuwepo, jicho limemvimba,
akimweleza kila mtu kwamba tangu mwanzo
alisema Jumatano.
Sikumbishia. Sabuni yake inatoa povu zuri.

Daktari alinivika vioo, akavibadilisha, akavibadilisha tena,
mpaka nikaona nyuzi za kola yake,
na kwamba mshonaji alikuwa na haraka.

Natoka, nesi yule ananikimbilia, jasho usoni,
amefurahi kweli:
“Mama! Nilikuulizia.
Wanasema huenda ikawa wiki ijayo.”