Kauli ya Kutendwa

Saa tisa na robo usiku, stima imekwenda bila kuaga.
Bi Zubeda, kitanda cha kumi na moja, ametota.
Jasho la joto la Machi nalijua, lina chumvi na malalamiko.
Hili lilikuwa baridi, na kimya.
Nikamwita. Akaniitikia kwa jina la Saumu,
dadake aliyezikwa Kisauni mwaka juzi.
Nikamdunga kidole. Mashine ikasoma moja nukta tisa.

Glukosi, mshipa, tochi ya simu mdomoni,
sikumbuki ni mikono ya nani ilifanya kazi ile.
Kulipopambazuka alitaka chai ya maziwa na mahamri mawili,
akanigombeza kwa nini haina sukari.
Nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikatapika,

kwa sababu nilikuwa nimerudi kwenye faili.
Daktari wa mafunzo, haraka, kalamu inayokauka:
nne, na ubavuni mwake U ya yuniti,
mdomo umefumba, mviringo, sifuri kamili.
Nne ikawa arubaini.
Na mkono ulioivuta arubaini ile ndani ya sindano
ni huu.

"Si amepona?" alisema Mbeyu, akikunja shuka.
"Ukiandika, nawe utaandikwa.
Kadzo aliandika. Yuko wapi Kadzo?"
Kadzo yuko zahanati moja huko nyuma ya Kinango,
anapima watoto kwa mizani ya ndoano.
Barua yake ilisema: mahitaji ya huduma.

Juu ya kichwa cha Mbeyu kuna tangazo,
tulilibandika wenyewe kwa plasta:
MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA.
Twawasomea wagonjwa kila siku.

Fomu za taarifa ya tukio zilikwisha kitambo,
nyingine tulifungia mabuyu.
Moja tu ilibaki, imekunjwa mara nne
chini ya mguu mfupi wa meza ya dawa,
meza isiyumbe.
Nikapiga magoti, nikaichomoa, nikainyoosha pajani.

Nikaandika: Dawa ilitolewa.
Kiswahili safi. Mwalimu wangu wa Tononoka angeipa vema:
kauli ya kutendwa, mtenda hayupo,
dawa imetoka chupani yenyewe, ikatembea, ikapanda kitandani.
Nikaikata.
Nikaandika: Dozi ilisomwa vibaya.
Nikaikata pia, kalamu ikaanza kutoboa karatasi.
Hapo ndipo nilipojua uzito wa silabi moja,
ni,
nyepesi kuliko pamba ya spiriti,
na jinsi inavyoweza kukataa kushuka kwenye wino.

Nikamfikiria Mghoi, anayeingia zamu saa moja,
wiki yake ya pili, viatu bado vyeupe.
Atafungua faili lile lile,
atakutana na herufi ile ile iliyojivika sifuri,
na hakuna atakayemwambia:
hapa pana shimo, mimi nimetoka humo.

Nilimpa yuniti arubaini badala ya nne.
Nilisoma U nikaona sifuri. Sikumuuliza mtu.
Naomba neno yuniti liandikwe lote.
Wakio, saa kumi na mbili na dakika tano. Sahihi.

Bi Zubeda nilimwambia mwenyewe.
Alinitazama, kijiko kikining'inia.
"Kumbe ndiyo maana nilimwona Saumu," akasema,
akageukia ukuta, hakunena nami hadi adhuhuri.

Sijui Kinango kuna nafasi ngapi.
Najua tangu asubuhi ile meza ya dawa inayumba,
vichupa vinagongana, wadi nzima inasikia,
na kila anayevuta dozi juu yake huuliza kwa hasira
nani ameitoa ile karatasi.

Nimeitoa mimi.